Nyongeza ya Makoko

Kasoro yangu ya kwanza katika nyumba ya mume wangu ilikuwa mkono. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu, nimetoka Butiama kwenye ng'ombe na mihogo, nikaletwa Makoko kwenye ziwa, na mama mkwe alikuwa ameniachia meza yake ya dagaa pale nje ya geti ili aone kama mtu aliyeletewa ana akili ya biashara. Akaja jirani mmoja kununua. Nikampimia kopo, nikamimina kwenye mfuko wake, halafu nikachota nyongeza nikamwekea juu. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alingoja yule jirani aondoke, ndipo akaja akanishika mkono, akakikunjua kiganja na kukitazama.

"Wewe mtu wa Butiama," akasema, "huu mkono wako ni mdogo."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Alikuwa hatanii hata kidogo. Kwa miaka yote iliyofuata aliyarudia maneno hayo mbele ya mashemeji, mbele ya wanakwaya wenzake, na mara moja mbele ya daktari aliyekuwa akinipima presha. Wateja wake wa siku nyingi wakija na kunikuta mimi mezani, wanauliza kwanza kama mama yupo.

Nyongeza ni kile kiganja kinachowekwa juu baada ya kipimo kwisha. Haina bei, na mteja haiombi isipokuwa muuzaji amejisahau. Najua huwekwa kila mahali nchini, na hata kwetu Butiama tuliweka, lakini kwa mama mkwe ilikuwa ndiyo biashara yenyewe. Kipimo alikiona ni mambo ya serikali. Heshima yake yote ilikuwa kwenye kile kiganja cha mwisho, na alikuwa na kiganja kweli, kipana, kilichokomazwa na nyavu na jembe, kikichota dagaa kinarudi kimefura.

Ufukweni kulikuwa na kipimo cha namna nyingine. Kulikuwa na mlanguzi mmoja aliyekuja na gari dogo la mizigo kila mwezi lile giza la kuvulia linapoisha na dagaa wamekauka, na yeye ndiye aliyenunua karibu mzigo wote wa upande ule. Alinunua kwa ndoo yake mwenyewe. Ilikuwa ndoo ya plastiki ya kawaida, ila alikuwa ameilainisha kwa maji ya moto na kuishindilia mchanga mpaka ikatoa tumbo pande zote. Wanawake waliiita mjamzito. "Mjamzito amekuja," utasikia mtu anasema, na kila mmoja anajua ni nani aliyekuja na siku hiyo itakuwaje.

Dagaa wakishamiminwa humo, mlanguzi anaitikisa ndoo, anaikandamiza kwa goti, wanamiminwa wengine, halafu anataka kilima juu. Kile kilima alikiita nyongeza yake. Hapo ndipo mama mkwe alipokuwa akipandwa na hasira, na hasira yake ni ya kimyakimya, ya kukunja kitenge kiunoni upya hata kama hakijalegea.

"Nyongeza inatolewaga," alisema siku moja, akiwa amempa mgongo. "Yeye anachukuaga. Kuchukua kuna jina lake lingine."

Lakini alimimina. Wote walimimina. Dagaa hawasubiri, na mlanguzi ndiye aliyekuwa na gari.

Kikundi kilianza miaka baadaye, nikiwa tayari na watoto, kwa sababu ya ile ndoo, ingawa kwenye katiba yetu tumeandika maneno mazuri zaidi. Walikuwa wanawake wa Makoko na wengine wa kule Nyegina wanaosali pamoja na mama, na mimi nikawekwa kuwa katibu kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne na kwa kuwa, kama mama alivyowaambia, mkono mdogo huo unafaa kushika kalamu. Tukajenga chanja za miti na nyavu kuukuu, dagaa wakawa wanakaukia juu badala ya mchangani. Wakawa weupe, wanang'aa, ukitafuna husikii mchanga kwenye meno. Tukanunua mzani. Siku mlanguzi alipokuja tukamwonyesha mzani wetu kwa furaha, naye akautazama akacheka.

"Mzani ni wa nyama," akasema. "Dagaa wana ndoo yao."

Akapanda gari lake akaenda kwa wengine. Mwezi uliofuata akafanya hivyohivyo, na mwezi mwingine tena. Magunia yetu yakajaa sebuleni kwa mama mpaka makochi yakatolewa nje, na wageni wakawa wanaketi juu ya dagaa. Masika yalikuwa yanakaribia. Unyevu ukishaingia kwenye gunia, dagaa wanageuka rangi na harufu, na baada ya hapo hata bata hawawataki. Tulikuwa tumebakiwa na mambo mawili tu: tupate mnunuzi mwingine kabla ya mvua, au tumwite mlanguzi arudi na mjamzito wake, atukalie kwa goti kwa raha zake zote. Mama alikuwa ameshaapa kwamba hatamwita. Wenzake walikuwa wameanza kumtazama kwa jicho la pembeni, maana kiapo kilikuwa chake na dagaa walikuwa wa wote.

Tangazo tulilisikia kanisani Nyegina, baada ya misa, katikati ya ndoa zinazotangazwa na zamu ya kufagia. Kwamba yatafanyika maonesho ya biashara pale Musoma mjini, na watakuja wanunuzi kutoka nchi za jirani, Kenya, Uganda, Rwanda, Kongo, na kwamba vikundi vinavyotaka meza vipeleke mtu semina Bunda. Mama alinipiga kiwiko mbavuni kabla padri hajamaliza kusoma.

Semina tulikwenda mimi na yeye. Ilikuwa kwenye ukumbi wenye feni moja, na mwezeshaji alikuwa kijana mchangamfu aliyelipenda sana neno fursa. Fursa zilikuwa kila mahali. Ziwa ni fursa, mpaka ni fursa, hata barabara mbovu nayo alitueleza namna inavyoweza kuwa fursa. Mama alikuwa akiniuliza kwa sauti ambayo yeye huamini ni ya chini, "Sasa hiyo fursa inakaaga wapi, mbona sisi hatujaiona?" Lakini nisimseme vibaya yule kijana, maana alitufundisha kitu. Alitwambia mnunuzi wa nje hanunui gunia la mtu asiyemjua. Anataka pakiti, anataka lebo yenye jina la bidhaa na uzito, anataka pakiti ya leo na ya mwaka kesho ziwe sawasawa. Tukaagiza mifuko na lebo palepale Bunda, kwa fundi wa uchapaji karibu na stendi. Lebo ilikuwa na picha ya ziwa na maandishi ya buluu: Dagaa Safi wa Makoko, Uzito Halisi Nusu Kilo. Mama aliisoma mara kadhaa ndani ya basi, akiigusa kwa kidole.

Tukafungasha. Sebule ilijaa wanawake, mzani katikati, mifuko upande huu, mashine ndogo ya kubania mifuko upande ule. Kila mmoja alipima nusu kilo kwa uangalifu mkubwa, sindano ikisimama pale pale, mwenzake akithibitisha. Halafu kila mmoja, kabla ya kupeleka mfuko kwenye mashine, alichota kiganja akaongezea.

Hakuna aliyeambiwa afanye hivyo. Hakuna aliyeona kwamba amefanya. Mimi mwenyewe, katibu, niliyeketi semina nzima na kuandika kila kitu, niliongeza kwenye kila mfuko uliopita mikononi mwangu, na mama akawa ananifuata nyuma anaongezea juu ya nyongeza yangu. Ungeniuliza kila pakiti ina kiasi gani ningekuapia ni nusu kilo, na ningekuwa naamini.

Maonesho yalikuwa na mahema meupe, spika zilizopiga muziki kwa sauti kuliko ilivyohitajika, na hotuba. Meza yetu ilikuwa kati ya watu wa asali na watu wa batiki. Asubuhi walipita Wakenya wawili wakauliza kama hawa ni omena, tukasema ndiyo, wakaonja, wakasema tamu, wakachukua namba ya simu kwa ule ustaarabu wa mtu ambaye hatapiga. Walipita Waganda wakauliza kama hawa ni mukene. Mama akaniuliza kwa nini dagaa wake wanabadilishwa jina na kila mpita njia.

Mchana akaja mama mmoja kutoka Kongo. Nilimjua ni mnunuzi kweli kwa sababu hakuonja kwanza. Aliinua pakiti akaigeuza juani, akatazama chini kama kuna vumbi la mchanga, akainusa pembeni pale ilipobanwa. Alikuwa mnene, amevaa kitenge cha gharama, anatembea polepole kama mtu aliyezoea kusubiriwa.

"Hizi ndagala zenu ni muzuri sana, mama," akamwambia mama mkwe. "Niko natafuta za mingi. Za kila mwezi."

Za kila mwezi. Nikaanza kueleza habari za chanja na nyavu, Kiswahili changu kikawa cha redioni kabisa. Yeye akasikiliza kwa adabu, kisha akaomba pakiti zipimwe. Pale maonesho kulikuwa na afisa wa vipimo mwenye mzani wa kidijitali, na wanunuzi wakubwa walikuwa wanamwita awapimie. Akaja. Akaweka pakiti ya kwanza, akaandika. Akaweka ya pili, akainua nyusi. Akaweka ya tatu, ya nne, na kila moja ilikuwa na uzito wake, hakuna iliyofanana na mwenzake, na hakuna hata moja iliyokuwa nusu kilo.

"Mama," akasema, naye alikuwa mtu mpole tu, "hii lebo inasema uongo."

Mama mkwe alisimama. Kiti cha plastiki kikaanguka nyuma yake. Akaanza kukunja kitenge kiunoni, nami nikajua hali si nzuri.

"Uongo gani? Imepungua?"

"Haijapungua. Imezidi."

"Sasa imezidi, mimi nimekuibia nini?"

Watu wa asali wakaacha kuuza asali. Afisa akajaribu kueleza kwamba hakuna aliyesema ameiba, ila kilichoandikwa na kilichomo havilingani. Mama akamwambia kwamba yeye ameuza dagaa tangu afisa hajazaliwa na hajawahi kuitwa mwongo, na kwamba sisi tunawekaga, hatujawahi kuuza bila kuweka, na kama kuna mahali ambapo mtu akikuongezea unamshitaki, basi mahali hapo yeye hapajui. Yule mama wa Kongo alisubiri amalize. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesikitika kweli, kwamba shida yake ni mpakani. Katoni zinapimwa. Karatasi ikisema hivi na mzani ukisema vile, gari linalazwa pale mpaka waridhike, na dagaa wanaloa. Kuna mzigo wake ulishapotea hivyo.

"Nitapita kesho," akasema, akaiweka pakiti mezani taratibu.

Kila muuzaji anajua "nitapita kesho" maana yake ni nini. Nilimwangalia akienda kwenye hema la wauza dagaa wengine, watu wa mkoa jirani wenye pakiti zilizobanwa na kiwanda, bapa, zote sawa. Niliumia. Sitaficha, nilimkasirikia mama mkwe, nikaikasirikia na mikono yetu yote, mikubwa kwa midogo.

Jioni ile sebuleni kwake tulikaa juu ya magunia, wanawake wote, na maneno yalikuwa makali. Mmoja wa Nyegina alisema wazi kwamba kama mama anaona aibu kumpigia simu mlanguzi, namba anayo yeye. Nikasema hakuna haja ya kumpigia mtu, tufungue pakiti tutoe nyongeza, kesho tuwe na nusu kilo kamili, basi. Ilikuwa rahisi hivyo. Wote wakanigeukia. Hata yule wa Nyegina aliyetaka kumwita mlanguzi aliniangalia nikaona kwamba nimesema jambo la aibu.

Mama alikuwa akivunjavunja vichwa vya dagaa mkononi bila kuvila.

"Nusu kilo nimemuuzia," akasema. "Hiyo ni yake, amelipa, namshukuru. Ile ya juu sikumuuzia. Ile nilimpa mimi. Ukiiondoa hiyo mimi nimefanya nini pale? Si nimekuwa mzani tu?"

Nikataka kumjibu kwamba wateja wa nje wanataka mzani tu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini yale maneno yalinikaa vibaya, nikayarudia kichwani: nimemuuzia hiki, nimempa kile. Ni vitu viwili. Sisi tulikuwa tumeviweka kwenye mfuko mmoja na kuviandikia jina la kimoja.

"Mama," nikasema, "kwa hiyo tuvitenganishe."

Niliwatuma wanangu dukani kwa vifuko vidogo vya nailoni, vile vinavyofungiwa karanga. Nikafungua pakiti moja, nikapima nusu kilo mpaka sindano ikatulia, nikaibana. Nyongeza nikaifunga peke yake kwenye kifuko, nikaibandika mgongoni mwa pakiti kwa gundi ya karatasi. Mama akaichukua, akaitazama mbele na nyuma. Akakitikisa kifuko.

"Hii ni ya mkono wa nani?"

"Wangu."

"Nilijua," akasema, na wanawake wakacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Kicheko kile ndicho kilichotuokoa, kwa sababu kilitukumbusha jambo lililobaki. Kama kila mmoja angefunga kwa kiganja chake, katoni zingezidi kutofautiana na tungerudi palepale kwa afisa. Ilibidi mkono uwe mmoja. Hapakuwa na ubishi wa mkono upi. Tukamweka mama mbele ya mzani, achote. Akachota, tukapima. Akachota tena, ikawa nyingine. Akachota mara nyingi na sindano haikukubali kusimama mahali pamoja, mama akaulaumu mzani, akasema umechoka, akasema labda umekaa upande. Mwishowe tukachukua kile kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, tukakubaliana kwamba huo ndio mkono wa mama, na kuanzia hapo kila kifuko kikapimwa kilingane nao. Nikaandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila kifuko: Nyongeza, na chini yake uzito wake. Tulifungua na kufunga pakiti za meza nzima, na wanangu wakala dagaa waliomwagika mpaka wakakataa ugali.

Asubuhi tulikuwa mezani kabla watu wa asali hawajafika. Niseme ukweli, sikutegemea kumwona. Nilijipanga kwa ajili ya wengine, Wakenya wale wa ustaarabu, yeyote. Lakini kabla ya saa sita nikaona kile kitenge kinakuja polepole katikati ya mahema, na nyuma yake yule afisa na mzani wake. Baadaye mama wa Kongo alituambia kwamba zile za kiwandani alikuwa amezifungua usiku ule kule alikofikia, akakuta mchanga.

Akainua pakiti yetu. Kidole chake kikagusa kile kifuko cha mgongoni.

"Hii ni nini?"

Nikavuta pumzi nianze maelezo yangu ya redioni. Mama mkwe akanitangulia.

"Nyongeza," akasema, kavu, kama mtu aliye tayari kugombana tena.

Mama wa Kongo akasoma maandishi yangu ya wino. Uso wake ukafunguka wote, akacheka mpaka akashika meza.

"Matabisi!" akasema. "Mama, hii ni matabisi. Kwetu ukiuzisha bila matabisi, batu banakukimbia. Mimi kule nikipeleka pakiti za batu bengine, wachuuzi wangu banazipasula ili bapate ya kutia matabisi, pakiti inaharibika. Na ninyi munanitumia nayo tayari?"

Mama mkwe aliniangalia. Hakuwa ameelewa kila neno, lakini matabisi aliielewa bila kufasiriwa, na niliona mabega yake yanashuka. Walishikana mikono juu ya meza, viganja viwili vipana, nikajiona mtoto.

Afisa alipima. Pakiti ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaendelea mpaka nikaanza kuchoka kwa niaba yake. Zote zilikuwa sawa, pakiti na kifuko chake, kila kimoja na kilichoandikwa. Akatabasamu akamwambia mama, "Sasa lebo inasema kweli."

"Hata jana ilisema kweli," mama akamjibu. "Ila ilikuwa imesema kidogo."

Nilifurahi siku ile kuliko nilivyofurahi siku ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo, nimeshamwambia. Tulitoka kwenye mahema na makubaliano ya mzigo wa kila mwezi. Wanawake wa Nyegina waliimba njia nzima, na mama mkwe, ambaye huimba vibaya na anajua, aliimba kwa sauti kuliko wote.

Gari la kwanza lilikuja Makoko kabla mvua hazijaanza. Lilikuwa gari kubwa kweli, halikuweza kukata kona ya geti letu, ikabidi katoni zibebwe mpaka barabarani, na nusu ya mtaa walikuja kubeba bila kuitwa. Lebo mpya tulikuwa tumezichapisha Bunda kwa fundi yuleyule. Kwenye kifuko kidogo, badala ya maandishi yangu, kulikuwa na picha ya kiganja kilichokunjuliwa. Kilikuwa kiganja cha mama. Fundi alimwekea wino akakigonga kwenye karatasi kama watu wanavyogonga dole gumba, na mikunjo yote ilionekana. Mpakani mzigo ulipimwa na kupita. Mama wa Kongo alipiga simu siku dagaa walipofika, akasema wachuuzi wake wanaulizia zile za mkono. Makochi yakarudi sebuleni.

Mlanguzi alikuja baada ya hapo, mwezi mmoja giza lilipoisha. Vikundi vingine vya ufukweni vilikuwa vimeanza kutuletea sisi dagaa wao, kwa mzani, na mzigo wa kukandamizwa kwa goti ulikuwa umepungua. Alisimamisha gari lake dogo mbele ya geti, akashuka, akasalimia kwa heshima ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Alikuwa na mteja wa mjini anayetaka dagaa wa kwenye chanja, wasio na mchanga. Ndoo yake niliiona nyuma ya gari, na tumbo lake. Aliiacha hukohuko.

"Shikamoo mama," akasema. "Naomba uniuzie na mimi."

"Marahaba, mura," mama akasema, kama anavyomwita kijana yeyote. "Lete gunia."

Tulimpimia kwa mzani. Mama mwenyewe alisimama pembeni akitazama sindano, na ilipofika pale ilipotakiwa akainua mkono tuache. Ilikuwa sawasawa, haikupungua na haikuzidi. Mlanguzi akalipa. Lakini hakuondoka. Alibaki ameshika mdomo wa gunia, ameuacha wazi kidogo, anaangalia chini. Ilinichukua muda kuelewa anasubiri nini. Yule mtu aliyekuwa akikalia ndoo kwa goti alikuwa anasubiri nyongeza, na hakuthubutu kuitaja.

Wanawake kwenye chanja waliacha kugeuza dagaa. Mama akakunja kitenge kiunoni. Nilidhani atamwambia afunge gunia lake aende. Angekuwa na haki, na mimi ningemshangilia.

"Wewe mtu wa Butiama," akaniita. "Njoo umwongezee huyu. Mkono wa kwako ndio unamtosha."

Nikaja. Nikauingiza mkono wangu kwenye dagaa, nikachota kiasi ulichoweza kuchota, nikamwekea juu. Akasema asante.